Siga Laini na Hewa ya Pwani: Mhadhara kwa Wahudumu wa Hoteli, Malindi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka zamu ya asubuhi na sare bado zi mwilini. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuonja na kupima siga laini, yaani isiyo kali: ile biri nene ya majani ya tumbaku, ya bei, inayosokotwa kwa mkono. Wageni wetu hapa Malindi, Waitaliano hasa, wapo wanaomalizia chakula cha usiku kwa siga, kisha humwuliza mhudumu, "Hii ikoje?" Ukijibu "nzuri sana, bwana," umejibu bure.

Simhimizi mtu kuvuta. Moshi wa siga huleta saratani ya kinywa, koo na umio hata kwa asiyeuteremsha mapafuni, na siga moja kubwa huweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 nayo mnaijua: aliye chini ya miaka 18 hauziwi, na ndani ya hoteli havuti mtu ila pale palipotengwa. Wale ambao dini au kifua hakiwaruhusu, tafadhali msiondoke. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa moto haujawashwa.

Siga ina tabaka tatu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje linalovishwa juu. Siga laini nyingi huvishwa jani la mbegu ya Connecticut. Kule Marekani, kwenye bonde la mto Connecticut, mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima walianza kufunika mashamba kwa vitambaa ili jua lisiukaze mche. Jani hutoka jembamba, la rangi ya dhahabu iliyofifia. Ekwado hulima mbegu hiyohiyo, na huko mawingu hufanya kazi ya kitambaa. Kwa ndani, jueni kwamba majani ya chini ya mche huwa mepesi na huwaka vizuri, na yale ya juu kabisa, yaliyopigwa na jua, ndiyo makali. Mtengenezaji wa siga laini huyatumia haya ya juu kidogo mno, au huyaacha kabisa.

Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Ukali ni nikotini, ile inayokuzungusha kichwa na kukutoa jasho. Ladha ni jambo jingine. Siga yaweza kuwa laini na ikajaa ladha, na yaweza kuwa kali isiwe na chochote cha kusema. Mimi naiona ile laini ndiyo ngumu zaidi kupima, maana haina ukali wa kuficha kasoro. Tumbaku iliyoharakishwa, isiyochachuka ikaiva, hutoa harufu ya amonia, ile ya banda la kuku. Kwenye siga laini utaisikia mara moja.

Sasa tuje kwenye hewa yetu, na hapa nitakaa. Vitabu vya Ulaya husema siga iwekwe kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, kisha huwafundisha watu kutia maji kwenye sanduku. Ndugu zangu, hapa maji ya nini? Mwezi wa tano, masika yakiwa yamepamba moto, hewa ya Malindi hupita kiasi hicho bila kuombwa. Siga hufura, huvuta kwa shida, hata huota ukungu. Tafuteni sanduku linalofunga barabara na vile vipakiti vya kusawazisha unyevu. Joto nalo huleta adui wa siga: mdudu mdogo wa tumbaku, ambaye mayai yake huanguliwa joto likipanda. Ukiona vitundu vya mviringo na unga kwenye siga, itoe uiweke mbali na wenzake. Na msidhani kiyoyozi ni mwokozi. Hukausha hewa, halafu siga hiyohiyo ikipelekwa barazani penye upepo wa bahari, jani la nje hupasuka.

Kwa hiyo ishike. Ibonyeze polepole toka ncha hadi ncha: ikilia, imekauka; ikilegea, imelowa. Pakiwa na sehemu moja ngumu, pana fundo, na moshi utakwama hapo. Nusa ile ncha ya kuwashia. Kata kikofia tu, kile kipande cha jani kinachoziba ncha ya kutia mdomoni, usishuke chini ya bega lake, pale ncha inapoanza kupinda, kisha ivute bila moto. Hewa ipite kwa upinzani kidogo, na ulimi tayari utapata jambo: nyasi kavu, au mbao.

Kuwasha, tumia njiti au kiberiti cha gesi. Njiti iache baruti iungue kwanza. Kile kiberiti cha mafuta kina harufu itakayokaa kwenye siga laini mpaka mwisho. Pasha ncha bila kuichoma, ukiizungusha. Baada ya hapo, mvuto mmoja kwa dakika, karibu hivyo. Anayevuta mbiombio huichoma ikawa chungu, kisha huilaumu. Moshi hukaa kinywani, haumezwi; kidogo upitishwe puani, maana ulimi peke yake hujua utamu, uchumvi, uchachu, uchungu na ladha ya mchuzi wa nyama. Yaliyobaki yote ni kazi ya pua.

Maneno ya kusema? Achaneni na karatasi zinazotaja matunda ambayo hamjawahi kuyaona. Semeni korosho za kukaanga, maziwa yaliyochemshwa, mbao mbichi ya seremala, pilipili manga kwa mbali. Mgeni ataelewa, na mtakuwa mmesema kweli. Majivu meupe yanayoshikana yanapendeza macho, lakini rangi yake hutegemea madini ya udongo. Msiyatumie kupima ubora.

Dada wa pale nyuma anauliza: mgeni akirudisha siga akisema ni chungu? Tazama kwanza imeungua wapi. Ikiwa upande mmoja umetangulia, iguse moto upande uliochelewa. Ikiwa ya moto mkononi, mwombe aipumzishe dakika mbili. Ikiwa imefura na haivutiki, kosa ni la sanduku letu, nalo si lake: mletee nyingine, na hiyo usiiandike kwenye bili.