Msomaji Awe Mtoto

Bwana Yesu asifiwe. Mama mwenyekiti, wachungaji wetu, wazazi wenzangu, na nyie watoto mliojibana kule nyuma karibu na masufuria, nimewaona. Wenyeji wamenipa nusu saa ya kuzungumza juu ya kusoma Neno nyumbani na sikukuu zetu. Mpishi amenipa dakika ishirini. Nitamtii mpishi.

Mimi ni mtoto wa Rungwe, wa nyumba ya Kimoravian. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mkulima. Kila jioni tukishamaliza kula, vyombo bado viko mezani, baba alitamka neno moja tu: "Neno." Mmoja wetu anainuka, anakwenda kabatini, anakitoa kile kijitabu cha mistari ya kila siku kilichokaa juu ya vikombe vya wageni. Na sheria ilikuwa moja: anasoma aliye mdogo kuliko wote kati ya wanaojua kusoma. Baba hasomi, mama hasomi. Hata mchungaji akitutembelea, atakaa amsikilize mtoto wa darasa la pili anavyohangaika na silabi.

Zamu yangu ilinikuta karibu na Krismasi. Luka sura ya pili. Nikaanza kwa kugotagota, Kaisari Augusto akanitoa jasho, nikapita Nazareti, nikafika pale alipolazwa katika "hori ya kulia ng'ombe." Nikakwama. "Baba, hori ni nini?"

Kumbukeni nyumbani tulikuwa tunaongea Kinyakyusa, Kiswahili ni cha shuleni. Na neno lenyewe lina mtego. Mtu wa pwani ukimtajia hori, huenda akawaza mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, au kamtumbwi kadogo. Baba hakunieleza kitu. Alichukua kandili, akasema tuvae masweta. Mvua ya Tukuyu ya Desemba hakuna asiyeijua hapa. Tukatoka mstari mmoja mpaka zizini, akamulika lile gogo lililochongwa katikati, ambalo nilikuwa nalipita kila siku bila kulitazama. Ng'ombe alikuwa analamba chumvi iliyobaki. "Weka mkono," baba akasema. Nikaweka. Baridi, na mate tele. "Haya, turudi umalizie."

Leo nina miaka 64. Ule mstari ukisomwa kanisani, mimi kiganja ndicho kinachosikia kwanza.

Sasa kile kijitabu. Wengi mnacho nyumbani, mnakitumia kushikilia dirisha lisifunguke. Habari yake inaanzia kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, tarehe 3 Mei 1728, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa pale, alipowapa waumini baada ya ibada ya jioni neno la kwenda nalo siku inayofuata. Ikawa desturi: asubuhi ndugu mmoja anapita nyumba kwa nyumba, nyumba 32, anabisha hodi na kutoa neno la siku hiyo. Hebu fikirini, unabisha hodi milango 32 kila kukicha, utakosa kujua nani anaumwa na nani hajaongea na mkewe tangu juzi? Toleo la kwanza lililochapishwa lilikuwa la mwaka 1731. Mpaka leo mistari ya Agano la Kale hupigiwa kura kule kule, inachomolewa kutoka bakuli lenye mistari takribani 1,800, kisha unatafutwa wa Agano Jipya wa kufuatana nayo. Kinatoka kwa lugha zaidi ya 50. Wamisionari wa Kimoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, walitoka katika kanisa lililokuwa limeishi na desturi hiyo miaka zaidi ya 160.

Mistari miwili. Ndiyo yote. Na hapo ndipo niwaambie nilivyoharibu.

Nilipopata nyumba yangu, Dar es Salaam, nilisema yangu itaipita ya baba. Nikaanzisha ibada ya familia. Pambio, sala ya toba, sura nzima, mimi nasoma, mimi nafafanua, mimi naonya. Ualimu uliniingia vibaya. Dakika arobaini! Mume wangu akawa na vikao vya jioni visivyoisha. Mwanangu wa pili kila nikishika Biblia tumbo linamkata, anajifungia chooni mpaka asikie "Amina." Siku moja umeme ukakatika katikati ya mafafanuzi yangu, nikasikia mtoto gizani ananong'ona, "Asante Yesu." Niliumia, kisha nikacheka mpaka machozi. Kesho yake nikakitoa kijitabu, nikampa kitinda mimba asome. Mistari miwili. Yule wa chooni akapona tumbo.

Kanisa letu lilikuwa na askofu mmoja, Jan Amos Komenský, mzaliwa wa Moravia, aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake uhamishoni kwa sababu ya imani. Mwaka 1658 alitoa kitabu cha picha cha kufundishia watoto. Herufi zake za kwanza zinafundishwa kwa sauti za viumbe: kunguru analia "aa," kondoo analia "bee." Askofu mzima na ndevu zake anaandika "bee"! Nikimkumbuka huyo namwona baba na kandili yake.

Na Krismasi ya mishumaa, ile ambayo watoto mnaipenda kuliko mahubiri, msidhani ilibuniwa na wenye maduka. Ilianzia Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747. Kiongozi wa ibada, Johannes de Watteville, aliwasomea watoto mashairi waliyoyatunga wenyewe, akawasimulia habari za kuzaliwa Yesu, halafu kila mtoto akapewa mshumaa unaowaka, umefungwa utepe mwekundu, aende nao nyumbani.

Kwetu utepe ulitoka kwenye vipande vya nguo za Krismasi. Mama ananunua kitambaa cha jora moja, wote sita tunashonewa, tukipita barabarani utadhani kwaya. Fundi wetu alikuwa na ahadi nyingi kuliko nyuzi. Mwaka mmoja tulimsubiri mpaka saa nne usiku, gauni langu likaja na mkono mmoja. Mama akanivalisha sweta juu, na nikasoma mbele ya wageni nikitokwa jasho, nimegoma kulivua. Wapo wanaosema nguo na wali wa Kyela vinamfunika Yesu. Mimi sikubaliani nao. Bila lile gauni nisingeikumbuka sikukuu ile, na bila sikukuu nisingekumbuka nilisoma nini. Ila ule mkopo wa Krismasi unaolipwa mpaka Machi, huo sina la kuutetea.

Nimebakiwa na Pasaka, na mpishi ameanza kunikodolea macho.

Mnajua sisi Wamoravian alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini. Jirani zetu wa madhehebu mengine hutushangaa. Ni desturi ya tangu 1732, vijana wa Herrnhut walipopanda kilima chao cha makaburi kabla ya jua kuchomoza, wakaimba. Dar tunafanya, Mbeya tunafanya, na mwaka jana niliwapeleka wajukuu Rungwe tukafanye pale alipolala baba. Giza, ukungu, migomba inadondosha maji. Msomaji, kwa sheria ile ile, alikuwa mjukuu wangu wa miaka minane, anamulika Biblia kwa tochi ya simu. Akasoma vizuri mpaka pale malaika anaposema, "Hayupo hapa." Akanyamaza. Akamulika msalaba wa baba, akamulika kaburi, akanigeukia.

"Bibi, na babu naye hayupo?"

Wachungaji, najua mna jibu zuri la swali hilo, na mimi nimefundisha Shule ya Jumapili miaka mingi, ninalo. Lakini sikulitoa. Nilimwambia aweke mkono juu ya sementi. Akaweka, akautoa haraka.

"Baridi," akasema. "Ina umande."

"Haya," nikamwambia. "Malizia."

Akafuta kiganja kwenye kaptula yake mpya, akatafuta mstari kwa kidole, akaendelea: "Kwani amefufuka kama alivyosema."

Asanteni sana. Tule, maswali tutayajibu tukitafuna.