Gunia Ambalo Mkono Hauingii

Shikamooni wakubwa. Vijana, mambo? Mliokaa dirishani nawaona, macho yako ziwani.

Aliyewahi kununua dagaa sokoni Mwaloni Kirumba anajua gunia halinunuliwi kwa maneno. Unafungua, unapenyeza mkono hadi chini, unatafuta mchanga. Sasa hizi laptopu za mtumba tunazozifunga Linux, mfumo endeshi huria, kwa majivuno zina gunia ambalo mkono hauingii. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, karibu kila mashine ya Intel imekuja na kijikompyuta chake cha ndani, Management Engine, kinachoamka kabla ya Linux. Mwaka 2017 watafiti walibaini kwamba matoleo yake ya karibuni yanaendeshwa na MINIX, mfumo endeshi ambao Profesa Andrew Tanenbaum aliutunga kufundishia wanafunzi. Mwaka huohuo Intel ikalazimika kuziba matundu ya usalama ya kijikompyuta hicho. Hicho ndicho tunachoambiwa kitatulinda!

Wengi wenu mnasema tukatae fimwea zote zilizofungwa, yaani programu za ndani ya vifaa ambazo chanzo chake hatuonyeshwi. Hapo tunaachana njia.

Januari 2018 ilipotangazwa Spectre, udhaifu wa prosesa unaoweza kuvujisha siri, sehemu ya dawa ilikuja kama maikrokodi mpya, maelekezo ya ndani kabisa ya prosesa, zimetiwa saini ya kidijitali na kusimbwa zisisomeke. Linux-libre, kerneli ya Linux iliyoondolewa kila kisicho huria, haizipakii, kwa kuwa chanzo chake si huria. Lakini jamani, prosesa ilitoka kiwandani na maikrokodi ya siri tumboni! Ukiikataa mpya hujalikwepa gunia, umebaki na la zamani ambalo mchanga wake wezi wameshauona. Debian, jumuiya inayotengeneza toleo lake la Linux, walilipigia jambo la fimwea zilizofungwa kura mwaka 2022, na toleo la 12 likatoka na fimwea hizo ndani ya kisakinishi. Walinung'unika, lakini waliamua.

Ugomvi wetu uende kwenye ufunguo wa kutia saini. Mwaka 2023 AMD, mshindani wa Intel, ilitoa hadharani chanzo cha fimwea ya SEV, ile inayosimba kumbukumbu za seva pepe, seva za kiprogramu zinazogawana mashine moja. Vizuri, tusome. Ila ukirekebisha mstari mmoja, prosesa haitakubali toleo lako, maana saini ni ya AMD. Umeruhusiwa kuchungulia gunia, kulishona upya hapana.

Naam, wewe wa fulana ya timu ya Pamba? Unauliza laptopu ya ThinkPad X200? Hiyo ndiyo, Management Engine inaondoka kabisa ukiweka Libreboot, fimwea huria ya kuwashia kompyuta. Njoo nayo Jumamosi, klipu ya kushika chipu ninayo. Maikrokodi lakini tutaiacha humo. Hata Libreboot wenyewe tangu 2022 wanaiweka.