Kubusti Betri, Kukagua Matairi na Kuendesha Kwenye Barafu: Gari Lako Katika Baridi ya Minnesota

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tuko nje, katika maegesho ya nyumba za kupanga hapa Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, na kipimajoto kinasoma nyuzi 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, ambazo kwenye dashibodi za magari ya Marekani utaziona zimeandikwa 0 kwa Farenhaiti. Nimeichagua siku hii makusudi, kwa sababu mengi ninayotaka kuwaonyesha hayaonekani ndani ya gereji yenye joto. Ufundi wa magari ndiyo kazi yangu na ninaipenda, tena ninauza betri na waya za kubustia, yaani za kuwashia gari kwa umeme wa betri ya gari jingine, kwa hiyo mnisikilize mkijua hilo. Hata hivyo, kila nitakachokifanya leo unaweza kukifanya kwa vifaa ulivyonunua mahali popote. Wengi wenu mlijifunza udereva Nairobi, Mwanza, Bukavu au Bujumbura, na matope, mashimo na vumbi mnavijua kuliko madereva wengi wa huku. Kigeni kwenu ni baridi, na baridi hugusa betri kabla ya kitu kingine chochote.

Gari hili ni la jirani yetu, mama anayefanya kazi zamu ya usiku, na tangu asubuhi limegoma kuwaka. Ukizungusha ufunguo unasikia tak-tak-tak na taa za dashibodi zinafifia. Hiyo ni dalili ya betri iliyoishiwa nguvu. Tufungue boneti.

Kabla hujagusa waya wowote, washa tochi uitazame betri ubavuni. Betri iliyojaa chaji haigandi katika baridi ya kawaida ya hapa, lakini iliyokwisha kabisa inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu chini ya sifuri, kwa sababu chaji inapotoka, asidi iliyomo hupungua makali na kukaribia kuwa maji matupu. Ukiona kasha limevimba au limepasuka, usiibusti betri hiyo kwa hali yoyote, kwani inaweza kukulipukia usoni. Ingoje iyeyuke mahali penye joto, kisha fundi aikague. Hii yetu pande zake zimenyooka. Mita inasoma volti 11.9, ilhali betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6, na ikifika 12.2 imebaki nusu.

Watu huniuliza kwa nini betri iliyowasha gari vizuri kule Texas inashindwa mara tu familia inapohamia Minnesota. Ndani ya betri umeme hutokana na kemia, na kemia hiyo hupungua kasi katika baridi: maji yanapoanza kuganda, betri huwa imepoteza takribani theluthi moja ya nguvu zake, na katika nyuzi hizi tulizo nazo leo huwa imepoteza zaidi ya nusu. Wakati huohuo oili imekuwa nzito, na stata, mota inayozungusha injini ili iwake, inadai umeme mwingi kuliko siku nyingine zote. Ndiyo maana betri huwa na namba iliyoandikwa CCA. Namba hiyo hueleza ni ampea ngapi betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, yaani katika hali hii hii ya leo. Usinunue betri yenye namba ndogo kuliko ile inayotakiwa na kitabu cha gari lako, hata kama bei yake ni nzuri.

Haya, tunabusti. Gari la kusaidia limeegeshwa karibu bila kugusana na hili, yote mawili yamezimwa, na breki za mkono zimevutwa. Kibanio chekundu kinakwenda kwenye chanya, yenye alama ya +, ya betri iliyokufa. Chekundu cha pili kwenye chanya ya betri nzima. Cheusi kwenye hasi, yenye alama ya −, ya betri nzima. Hayo ni mepesi. Sasa sikilizeni kwa makini. Kibanio cheusi cha mwisho hakiendi kwenye betri iliyokufa. Kinakwenda kwenye chuma kitupu cha injini, mahali pasipo na rangi wala plastiki, mbali na betri kadiri waya unavyoruhusu. Kibanio cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, na betri yenye hitilafu inaweza kuwa inatoa hewa ya hidrojeni, ambayo hushika moto kirahisi mno. Cheche ikirukia mbali, hakuna neno. Ikirukia juu ya betri, macho yako yako hatarini. Magari mengine yamewekewa sehemu maalumu ya kubania hasi, na kitabu cha gari huionyesha.

Shemeji, hebu rudisha kamera kwenye kichwa cha hasi, usogee karibu zaidi. Watazamaji, mnaona unga mweupe uliochanganyika na kijani kibichi, umeota kuzunguka kichwa cha betri hadi kwenye waya? Tena nikikishika kwa vidole viwili, kichwa chote kinazunguka. Tusimame hapo, kwa sababu kubusti juu ya uchafu huu ni kupoteza muda; umeme unashindwa kupita, na kesho mama huyu atakwama tena. Ninaondoa kwanza vibanio vyote, nikianza na kile cheusi cha kwenye chuma.

Kusafisha ni hivi. Vaa glovu na miwani. Fungua hasi kwanza, halafu chanya, na wakati wa kurudisha anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya huku hasi ikiwa bado imefungwa, spana yako ikigusa bodi ya gari utapata shoti kali. Koroga bekingi soda ya jikoni kwenye maji ya vuguvugu, umwagie kidogo kidogo juu ya ule unga, na utaona povu likichemka na kutoa sauti ndogo; povu likitulia, sugua kwa brashi ya waya hadi madini ya risasi ya kichwa cha betri yang'ae kama sarafu mpya, kisha ufute maji yote, kwani katika baridi hii yataganda mbele ya macho yako. Kaza kwa spana ya 10. Jaribu kukizungusha kwa mkono. Hakizunguki? Sawa.

Tunarudisha waya kwa mpangilio uleule: chekundu, chekundu, cheusi kwenye betri nzima, na cheusi cha mwisho, narudia, kwenye chuma cha injini, si kwenye betri. Mama, tafadhali, usiwashe kwanza. Gari la kusaidia liwashwe na liachwe dakika tano hivi likiilisha betri hii. Sasa jaribu, mama. Limewaka! Wakati wa kuondoa unarudi kinyume, kwa hiyo kile cheusi kilichokuwa cha mwisho kufungwa ndicho cha kwanza kutoka, na usiruhusu vibanio vigusane hata kidogo maadamu upande wa pili bado umeshikwa.

Injini ikiwa inanguruma, rudisha mita kwenye betri. Inasoma 14.2. Ikiwa kati ya 13.7 na 14.7, alteneta, yaani jenereta ya gari, inachaji. Ikibaki kwenye 12, tatizo haliko kwenye betri peke yake. Usiliache gari likiunguruma mahali pamoja ukidhani betri inajaa. Liendeshe nusu saa au zaidi, na betri ikiwa na umri wa miaka mitatu au zaidi ipeleke ipimwe.

Kioo cha kamera kimeshika ukungu kutokana na ule mvuke wa maji ya vuguvugu. Ukungu ukipungua tutahamia kwenye matairi.

Sasa tunaonekana. Upepo wa tairi hushuka kwa takribani psi 1 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Farenhaiti, ambazo ni kama tano na nusu za Selsiasi. Aliyejaza psi 35 mwezi Oktoba, kukiwa na nyuzi 15 za Selsiasi, leo ana kama 29, ingawa hakuna msumari wala tundu. Pima asubuhi kabla hujaendesha, na ufuate namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ile iliyochongwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu cha tairi, haikuelekezi ujaze kiasi gani.

Inameni hapa chini tulitazame tairi. Mnauona mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kipande cha theluji? Alama hiyo hutolewa kwa tairi lililofanyiwa majaribio kwenye theluji. Herufi M na S, za matope na theluji kwa Kiingereza, peke yake hazina uzito huo. Tairi la kiangazi huanza kuwa gumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, hata kama barabara ni kavu, wakati tairi la baridi hubaki laini na lina mipasuko midogo mingi inayouma theluji. Funga yote manne. Ukifunga mawili ya mbele tu, mbele itashika na nyuma itateleza, na gari litageuka kukuangalia ulikotoka. Wenye ndugu Montreal wanajua kuwa Quebec ina sheria inayolazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Minnesota haina sheria kama hiyo, na kwa maoni yangu hilo lisikufanye uyaache. Sheria ya huku huridhika na meno ya milimita 1.6, lakini mimi hayanishawishi kwenye theluji yakishuka chini ya milimita 4. Baada ya kufunga, kaza nati upya ukishaendesha kilomita 80 hadi 100.

Vimiminika ni haraka. Oili fuata kitabu. Herufi W katika 0W-20 huhusu majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi zaidi asubuhi. Maji ya rejeta yawe nusu dawa ya kuzuia kuganda na nusu maji safi, mchanganyiko unaohimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Usijaze dawa tupu ukidhani unaongeza kinga, kwa sababu dawa hiyo bila maji huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo futa kila tone kabla watoto au paka hawajalifikia. Maji ya wipa nunua yale yaliyoandikwa nyuzi 29 au zaidi chini ya sifuri. Ya bombani yatapasua tangi lake. Na ukiona waya wenye plagi umening'inia mbele ya gari la mtu, hiyo ni hita ya injini. Huchomekwa saa mbili hadi nne kabla ya safari, na kwa wanaoegesha nje ninaipendekeza kwa moyo wote.

Barafu ya kiooni ikwangue, usiimwagie maji ya moto, kioo kitapasuka. Safisha vioo vyote, taa zote na paa, kwa sababu theluji ya paa humwangukia dereva aliye nyuma yako. Ukungu wa ndani unaondoka upesi ukiwasha hita pamoja na AC, kwa kuwa AC hukausha hewa, na ukizima kile kitufe kinachozungusha hewa ileile ya ndani.

Sasa tuingie barabarani. Shemeji amekaa kiti cha nyuma na kamera, na waya za kubustia zimo kwenye buti pamoja na blanketi, koleo la theluji, tochi, na tangi la mafuta halijashuka chini ya nusu. Hali ya barabara za jimbo zima unaipata kwa kupiga 511. Tunakaribia daraja, nami nimeshaondoa mguu kwenye mafuta, kwa sababu daraja hupigwa na baridi juu na chini na huganda kabla ya barabara ya ardhini. Lami inayong'aa kama imelowa wakati hakuna tone linalorushwa na gari la mbele ni barafu nyembamba. Usitegemee chumvi siku kama ya leo. Ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida karibu haifanyi kazi. Acha sekunde 8 hadi 10 kati yako na gari la mbele, usitumie mtambo wa kushikilia mwendo, na ukikuta katapila la theluji kaa nyuma yake, kwani barabara iliyo salama ni ile linayoiacha. Gari lenye nguvu kwenye magurudumu manne huondoka vizuri, ila kusimama linasimama kama mengine.

Ukikwama kwenye dhoruba, baki ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini upate joto, shuka ufukue theluji kwenye bomba la moshi, uwashe dakika kumi hivi kila saa, na uache dirisha moja wazi kidogo. Bomba likizibwa, gesi ya kaboni monoksaidi huingia ndani, haina harufu, na huua watu wakiwa wamelala. Kila theluji mpya ikianguka, fukua tena. Ndani ya gereji iliyofungwa usiwashe gari hata kwa dakika moja.

Tumefika kwenye maegesho matupu, bila nguzo wala magari, na hapa kila mgeni wa baridi anapaswa kufanya zoezi hili kwa ruhusa ya mwenye eneo. Ninakwenda kilomita 25 kwa saa. Sasa nakanyaga breki kwa nguvu na kushikilia. Sikieni mngurumo huo. Kanyagio linatetemeka na kusukuma unyayo wangu juu. Hiyo ni ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake, na wengi wakiuhisi mtetemo huo huachia mguu kwa hofu. Usiachie, wala usipampu. Shikilia, tazama unakotaka kwenda, na uelekeze usukani huko. Nyuma ikiteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, geuza usukani pole kuelekea unakotaka pua ya gari iende, na gari likianza kunyooka nawe nyoosha. Narudia upande wa kulia, shemeji, shika kamera vizuri. Rudieni zoezi hili hadi mguu uache kuogopa ule mtetemo.