Mwalimu Mpya Mbele ya Kosa la Mtoto

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, na ninyi walimu tarajali mliojaza viti vya nyuma, nimeombwa nizungumzie matokeo ya utafiti kuhusu namna mwalimu anavyoandaliwa kabla ya kukabidhiwa darasa. Uwanja huu ni mpana, nami nitashika jambo moja tu: vyuo humfundisha mwalimu kuendesha kipindi, lakini havimfundishi vya kutosha kuelewa mwanafunzi anawaza nini.

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza kwamba kijana anayemaliza sekondari nchini humo amekwisha kukaa na walimu darasani kwa takriban saa 13,000, na kwamba huingia chuoni akiwa tayari na picha ya ualimu aliyoijenga mwenyewe. Picha hiyo ina upungufu, kwa sababu mwanafunzi humwona mwalimu akiandika ubaoni na kusahihisha madaftari, ila haoni kwa nini amechagua mfano huu na kuuacha ule.

Je, chuo huliziba pengo hilo? Kikundi cha watafiti akiwamo Kwame Akyeampong kilichunguza maandalizi ya walimu wa kusoma na hisabati katika nchi sita, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, na makala kuhusu kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Walichokikuta kinapaswa kutukera: wahitimu wengi walijiamini, lakini kujiamini kwao kulisimama juu ya dhana kwamba zana zikiwapo na wanafunzi wakishirikishwa, somo limeeleweka, ilhali matatizo halisi ya mtoto anayeanza kujifunza hayakuwa yameguswa kwa kina.

Chukueni hesabu moja ya kutoa. Mtoto ameandika kwamba 42 kutoa 17 ni 35. Mwalimu mpya huweka alama ya kosa, hurudia kanuni ya kukopa ubaoni, kisha husonga mbele. Lakini mtoto huyu hakubahatisha: katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, yaani 2 kwenye 7 na 1 kwenye 4, bila kujali ipi iko juu. Ana kanuni yake, naye ataitumia kesho na keshokutwa mpaka atokee mtu wa kumuuliza, "Umefikaje hapa?" Vivyo hivyo kwa yule anayeimba ba, be, bi, bo, bu pamoja na darasa zima, halafu akioneshwa neno "baba" peke yake anakwama.

Sasa tujitazame sisi wakufunzi tunapokwenda kukagua BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ambayo walimu tarajali huyafanya shuleni. Tunakaa nyuma ya darasa, tunapekua andalio la somo na azimio la kazi, tunatoa alama za zana, sauti na matumizi ya ubao, kisha tunawahi shule nyingine kabla jua halijazama. Ni mara chache tunafungua madaftari matatu ya wanafunzi na kumuuliza mwalimu tarajali anaona nini humo.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza muda wa mwalimu tarajali kukaa shuleni. Mimi nina shaka. Malawi, iliyofuta ada ya shule za msingi mwaka 1994 na kuzidiwa na idadi ya wanafunzi, ilianzisha mwaka 1997 mpango uliomweka mwalimu tarajali chuoni kwa miezi mitatu, shuleni kwa miezi ishirini, kisha chuoni tena kwa mwezi mmoja. Muda wa vitendo ulikuwapo tele, lakini watafiti wa MUSTER, mradi wa utafiti kuhusu elimu ya ualimu ulioratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Sussex, waliona kwamba usimamizi na msaada shuleni vilikuwa hafifu kuliko ilivyopangwa. Kwa hiyo ninapendekeza tuanze na fomu yetu ya ukaguzi: nusu ya alama zitokane na mazungumzo juu ya kazi za wanafunzi, na mwalimu mwenyeji wa darasa, ambaye ndiye anayewajua watoto hao, awepo kwenye mazungumzo hayo na alama yake ihesabiwe.