Saladi ya Mayai na Parachichi kwa Anayepunguza Wanga

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Hapa mezani nina mayai manne yaliyochemshwa, parachichi moja, ndimu, kitunguu kidogo, chumvi, pilipili manga na uma. Nitazungumza huku nikitengeneza, maana mambo mengine ya jikoni ni bora uyaone kwa macho.

Nianze na mayonezi, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa kwanza. Mtu akishauriwa kupunguza wanga, akiitazama saladi ya mayai, anaitupa mayonezi. Lakini mayonezi ya kawaida kwa sehemu kubwa ni mafuta, pamoja na kiini cha yai na siki au ndimu. Wanga wake ni mdogo mno, isipokuwa ile iliyoongezwa sukari. Yai kubwa nalo halifikishi gramu moja ya wanga. Kwa hiyo saladi ya mayai tangu asili yake ni chakula chenye wanga kidogo. Wanga unaingia pale tunapoibana katikati ya mkate: kipande kimoja cha kawaida kina gramu 12 hadi 15, na viwili vinakaribia 30. Aliyeacha mayonezi akabaki na mkate hajapunguza lolote.

Hapo mtaniuliza: kama mayonezi haina kosa, parachichi la nini?

Parachichi linaingia kwa ajili ya nyuzinyuzi. Hili naomba mlishike kuliko yote nitakayoyasema leo. Anayepunguza wanga huacha mkate, huacha nafaka, mara nyingi huacha na kunde, na matunda huyapunguza pia. Katika kuviacha vyote hivyo, nyuzinyuzi nazo zimeondoka bila yeye kujua. Baada ya muda tumbo linafunga, choo kinakuwa kigumu, naye anadhani mwili wake umekataa mlo mpya. Mayonezi haiwezi kumsaidia, kwani haina nyuzinyuzi hata chembe. Parachichi linaweza. Katika kila gramu 100 za nyama yake kuna wanga wa gramu 8 na nusu hivi, na kati ya hizo karibu gramu 7 ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Wanga wenyewe unaobaki ni kama gramu 2 tu. Mafuta yake, gramu 15 hivi, kwa sehemu kubwa ni ya aina ileile inayopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya zeituni. Sijui tunda jingine linalomfaa zaidi mtu wa namna hii.

Sasa tuje kwenye mayai, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu saladi hii huharibikia kwenye sufuria kabla hata bakuli halijaguswa.

Wengi huweka mayai kwenye maji baridi, wakabandika, wakasubiri. Mimi nawasihi mfanye kinyume: maji yachemke kwanza, kisha mayai yashushwe taratibu kwa kijiko. Ute ukikutana na joto kali ghafla, huganda upesi kabla haujashikamana na ule utando wa ndani ya ganda, na kumenya kunakuwa rahisi. Mayai yaliyotagwa jana ndiyo magumu zaidi kumenya. Yai likikaa siku kadhaa, hewa ya ukaa iliyomo ndani hutoka polepole kupitia vitundu vya ganda, ute unapungua ukali wa asidi, na kushikamana kwake na utando kunalegea. Kwa hiyo kama una mayai ya leo na ya wiki iliyopita, ya leo kaanga, ya wiki iliyopita chemsha.

Dakika ngapi? Kwa yai kubwa, dakika 10 hadi 11 za moto wa wastani tangu liingie kwenye maji yanayochemka. Anayeishi sehemu za mwinuko aongeze, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi na yai huchelewa kuiva. Muda ukiisha, mwaga maji ya moto, weka mayai kwenye maji baridi sana, uyaache humo dakika tano au zaidi. Usiruke hatua hii. Yai lililotolewa motoni huendelea kujipika kwa joto lake lenyewe.

Tazameni hili nililolikata. Kiini kimeshika pande zote, lakini katikati rangi imekolea kidogo na ukibonyeza kwa uma kinalainika bila kuwa unga. Hicho ndicho tunachokitaka. Na hili la pili nililichemsha makusudi muda mrefu mpate kuona: mnaona ile duara ya kijani kibichi inayokizunguka kiini? Joto likizidi, ute hutoa gesi yenye salfa, gesi hiyo inakutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini, na hapo wanapokutana ndipo rangi hiyo inapotokea. Haina madhara, unaweza kulila. Ila harufu yake ni nzito na kiini chake ni kikavu, kikiingia kwenye parachichi kinafanya vidonge badala ya kulainika. Yai lenye kiini cha majimaji nalo halifai hapa, kwa sababu parachichi lenyewe lina unyevu wa kutosha, na viwili hivyo vikikutana saladi inamwagika kwenye kijiko.

Ukishamenya, suuza kuondoa chembe za ganda, halafu yafute mayai kwa kitambaa safi mpaka yakauke. Wengi hawafanyi hivi, kisha wanashangaa kwa nini saladi inatoa maji chini ya bakuli.

Parachichi. Halitakiwi kuwa gumu, wala halitakiwi kuwa limelegea. Liweke kwenye kiganja ulibonyeze kwa kiganja kizima, usitumie kidole gumba, kwa sababu kidole huacha jeraha ambalo kesho litakuwa doa jeusi. Kama bado ni gumu, usilaumu aliyekuuzia: parachichi haliivi likiwa mtini, huanza kuiva baada ya kuchumwa. Lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, ile gesi inayotolewa na ndizi italiharakisha. Likishaiva na huna nafasi ya kulila, lipeleke kwenye jokofu, litakaa siku mbili tatu zaidi.

Na lioshwe kabla ya kukatwa. Najua mtasema ganda haliliwi, tunalitupa. Lakini kisu kinapita kwenye ganda kwanza ndipo kiingie kwenye nyama, na bakteria waliokuwa juu wanasafiri nacho. Sugua kwa maji yanayotiririka, kausha, ndipo ukate.

Sasa niangalieni mikono. Kila yai nalipasua katikati, natoa viini vyote vinne na kuvitia kwenye bakuli. Ute nauweka pembeni, juu ya ubao. Nachukua nyama ya nusu ya parachichi, naitia juu ya viini, nakamua ndimu, kijiko kimoja kikubwa cha maji yake, natia chumvi robo ya kijiko cha chai, na ninaponda vyote kwa uma. Mnaona inavyobadilika? Dakika moja tu na imekuwa krimu nzito ya rangi ya manjano na kijani. Kiini cha yai kina lesithini, ndiyo ileile inayofanya mafuta na siki zishikane kwenye mayonezi, na hapa inafanya kazi hiyohiyo kwa mafuta ya parachichi na maji ya ndimu. Ukiponda mayai mazima pamoja na parachichi zima, unapata uji. Ukitenganisha hivi, unapata krimu na unabaki na vitu vya kutafuna.

Nusu ya pili ya parachichi naikata vipande vidogo vya mraba. Ute naukata vipande vya ukubwa huohuo. Kitunguu nimekikatakata kidogo kabisa, nikakiosha kwa maji baridi na kukikamua, kwani ukali wake mbichi hufunika ladha ya yai. Vyote vinaingia, nageuza kwa kijiko mara chache tu. Pilipili manga juu. Anayependa haradali atie nusu kijiko cha chai, ila asome lebo, kuna zilizotiwa sukari au asali.

Halafu onja. Mayonezi ya dukani hufika ikiwa tayari ina chumvi na siki, na ulikuwa unavipata bila kufikiri. Parachichi halina chumvi wala uchachu. Anayebadilisha kimoja kwa kingine bila kurekebisha hivyo viwili atasema saladi haijakolea, na ataacha kuitengeneza. Ongeza ndimu kwanza, onja, ndipo uongeze chumvi. Mara nyingi kilichokosekana ni ndimu.

Hii inatosha watu wawili. Kila mmoja atapata protini kama gramu 14, nyuzinyuzi gramu 5 hivi, na wanga, ukishaondoa nyuzinyuzi, kama gramu 4. Kalori zinakaribia 270. Ikiwa ndio mlo wako mzima wa mchana, ongeza yai.

Na uile na nini badala ya mkate? Jani pana la letusi, likunje uishike mkononi. Au vipande vinene vya tango, au pilipili hoho iliyopasuliwa na kutolewa mbegu. Mimi napendelea letusi, kwa sababu hoho ina utamu wake na inashindana na ndimu.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: viini vya mayai na kolesteroli. Yai moja kubwa lina kama miligramu 186, na yote iko kwenye kiini. Marekani, katika mwongozo wake wa lishe wa 2015 hadi 2020, iliondoa kile kikomo cha miligramu 300 kwa siku kilichokuwapo kabla. Kwa watu wengi mafuta mazito yaliyojaa, kama yale ya siagi na nyama nono, ndiyo yanayopandisha zaidi kolesteroli ya damu. Hata hivyo wapo ambao miili yao huitikia kwa nguvu kolesteroli ya chakula. Kama daktari amekuwekea kiwango chako, kifuate. Kwa wengine, nawaomba msitupe viini: vitamini A na D za yai ziko humo, na kolini, na luteini inayofaa macho.

Na nisipite bila kusema haya. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, asipunguze wanga kwa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dawa ikibaki ileile na wanga umeshuka, sukari inaweza kuporomoka kufikia hatari. Mwenye figo zilizodhoofika aulize kuhusu parachichi, kwa sababu lina potasiamu nyingi, karibu miligramu 500 katika gramu 100. Na anayedhurika na mpira wa glavu awe mwangalifu: baadhi ya watu hao hudhurika na parachichi pia.

Swali la mwisho, dada pale nyuma: unaweza kuiandaa usiku ukaenda nayo kazini? Kiusalama inawezekana, ikiwa itakaa kwenye baridi wakati wote. Nje ya jokofu isizidi saa mbili, na siku ya joto kali isizidi saa moja. Tabu ni rangi. Parachichi likikatwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na hewa na kuligeuza kuwa la kahawia. Ndimu hupunguza kasi hiyo, lakini haiizuii usiku kucha. Kuzika kokwa kwenye bakuli hakusaidii, kwani linalinda pale tu lilipogusa. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu ya saladi yenyewe, pasibaki hewa katikati, inasaidia zaidi. Lakini ningekuwa wewe, ningechemsha mayai Jumapili na kuyaacha na maganda yake kwenye jokofu, yanakaa wiki nzima. Asubuhi beba mawili, nusu ya ndimu, chumvi kidogo kwenye karatasi, na parachichi dogo zima ambalo halijakatwa. Ukifika kazini, mayai yaende kwenye jokofu, au yakae kwenye mfuko wenye barafu. Saa ya chakula unahitaji kisu, bakuli, uma na dakika tano.