Mvua ya Novemba: Wafugaji wa Kaskazini na Nafasi ya Kuhama

Mabibi na mabwana, wanafunzi, na nyinyi wafugaji mliokubali kuacha shughuli zenu leo, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie Aktiki, na najua wapo wanaojiuliza nchi za barafu zinatuhusu nini. Tuanze na kitu tunachokifahamu sote. Mvua.

Novemba 2013 mvua ilinyesha kwa takriban siku nzima katika rasi ya Yamal, kaskazini mwa Siberia nchini Urusi. Kwetu Kenya, hasa baada ya ule ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza mwaka 2020, mvua ya siku nzima ni sababu ya kumshukuru Mungu. Kule ilikuwa msiba. Wenyeji wa Yamal, Wanenetsi, wanafuga reinidia, mnyama anayefanana na kulungu lakini mkubwa zaidi, ambaye hata majike yake huota pembe zenye matawi. Majira ya baridi mnyama huyu huishi kwa laikeni, viotaji vya kijivu vya jamii ya vile mnavyoviona vimeganda kwenye magome ya miti na mawe mlimani. Theluji haimzuii. Ananusa chakula kilichofunikwa, anafukua kwa kwato, anakula. Lakini mvua ikinyesha juu ya theluji, kisha baridi ikarudi, yale maji hugeuka barafu ngumu kama sakafu. Mnyama anasimama juu ya malisho yake na hawezi kuyafikia. Kati ya reinidia wapatao 275,000 waliokuwa Yamal, 61,000 walikufa kwa njaa.

Mvua hiyo ilitoka wapi, mwezi ambao kila kitu kinapaswa kuwa kimeganda? Watafiti waliofuatilia wanaihusisha na bahari za Barents na Kara, zilizo kaskazini mwa Urusi. Zamani bahari hizo zilijifunika barafu mapema, siku hizi barafu inachelewa, na bahari iliyo wazi hutoa joto na mvuke. Tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto karibu mara nne kwa kasi ya wastani wa dunia nzima. Takwimu hiyo mtaikuta kila mahali. Kinachonivutia mimi ni wanachokifanya watu.

Jibu lao la kwanza ni lile lile la Mturkana au Mmaasai: wanahama. Barafu haifungi kila bonde. Mwenye uzoefu anajua upande gani wa kilima upepo umepeperusha theluji, na wapi msitu ni wa miti mikongwe yenye laikeni zinazoning'inia matawini, ambako mnyama anaweza kula bila kufukua. Wasami, wenyeji wengine wanaofuga reinidia, walioenea Norway, Sweden, Finland na kipande cha Urusi, wameishi na miaka mibaya ya namna hii tangu zamani. Tofauti ya sasa ni kwamba miaka mibaya inafuatana kwa karibu, na pa kukimbilia pamepungua.

Jibu la pili liko ndani ya kundi lenyewe, na hapa naomba tukae kidogo. Wafugaji wa Kisami walikuwa wakiweka maksai wengi. Maksai hashiriki vita vya kugombea majike, kwa hiyo anaingia majira ya baridi akiwa bado na mafuta mwilini. Ana nguvu, ni mtulivu, na kwa uzito wake anaweza kuvunja barafu ambayo jike au ndama hawezi. Anapofungua shimo, wengine wanakula hapo hapo. Kisha wakaja wataalamu wa serikali na hesabu za nyama. Kwa hesabu hizo maksai ni hasara tupu: hazai, na anakula. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 sera za Norway zikahimiza makundi ya majike yanayozaa na uchinjaji wa ndama. Nyama kwa kila mnyama ikaongezeka kwenye makaratasi. Siku barafu ilipofunga, wa kuivunja wakawa wachache. Naona wenye ngamia wanacheka. Bila shaka na nyinyi mmeshawahi kuambiwa muwapunguze wasiozalisha.

Siku hizi wengi wananunua chakula cha kiwandani na majani makavu. Yanaokoa mifugo, hilo silikatai. Lakini ni gharama kubwa, na wanyama waliozoea kutawanyika sasa wanakusanywa kwenye hori moja, ambako maradhi ya macho yanaambukizana haraka. Binafsi naliona hili kama kuvumilia. Sijaliona kuwa suluhisho.

Wasiofuga nao wana kisa chao, na nitakipitia upesi. Wayupik wa Newtok, magharibi mwa Alaska, walikuwa wakihama kwa majira kufuata samaki na mawindo. Mwaka 1949 wakawekwa mahali pamoja, palipochaguliwa kwa sababu ndipo tishari lenye vifaa vya kujengea shule lilipoishia kufika. Ardhi ile ilisimama kwa sababu chini yake imeganda mwaka mzima. Ilipoanza kuyeyuka, mto Ninglick ukawa unaimega mita nyingi kila mwaka. Walishaamua kuondoka katikati ya miaka ya 1990, Bunge la Marekani likaidhinisha kubadilishana ardhi mwaka 2003, na familia za kwanza zikahamia Mertarvik Oktoba 2019. Umbali ni kama kilomita 15. Mababu zao wangeumaliza kwa siku moja. Walipoomba kijiji kitangazwe kuwa cha maafa, Rais Obama alikataa, Januari 2017. Sheria ya maafa iliandikwa kwa ajili ya tufani na mafuriko, na mto unaokula kijiji kidogo kidogo haukuonekana humo.

Nirudi kwa wafugaji. Mwaka 1751 Norway na Sweden zilipochora mpaka, ziliandika wazi kwamba Wasami wataendelea kuuvuka na mifugo yao. Mwaka 1852 mpaka wa Norway na Finland ukafungwa, na njia za karne nyingi zikakatika. Nani hapa hakufundishwa mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911, iliyowaondoa kwenye malisho yao? Baadaye zikaja barabara, migodi na mabwawa, na huko Yamal visima vya gesi pamoja na reli yake. Na sasa inakuja nishati safi.

Hapo ndipo panapouma. Katika rasi ya Fosen, Norway, mitambo 151 ya upepo ilijengwa kwenye malisho ya majira ya baridi, na reinidia huyakwepa maeneo yenye mitambo hiyo. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway ilisema leseni zake ni batili kwa kuwa zilivunja haki ya Wasami ya kuishi kwa utamaduni wao. Mitambo haikuzimwa. Februari 2023 vijana wa Kisami walikwenda kuketi ndani ya wizara ya nishati mjini Oslo wakiuliza hukumu ile inatekelezwa lini. Mapatano yaliyofikiwa baadaye, Desemba 2023 na Machi 2024, yaliiacha mitambo izunguke, na wafugaji wakaahidiwa fidia na malisho ya ziada nje ya Fosen.

Mwezi ule ule wa Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, hazikupatikana kihalali. Kesi hiyo sitaisimulia. Wamo humu ndani wazee kutoka Marsabit wanaoijua kuliko mimi, kwa hiyo kipaza sauti kianzie kwao.