Dusty Rhodes, Bingwa Mwenye Kitambi

Ndugu zangu, tuanze na kitambi, maana mwenyewe hakukificha. Virgil Runnels, mtoto wa fundi bomba, alizaliwa Austin, Texas, mwaka 1945. Katika ulingo wa mieleka ya Marekani aliitwa Dusty Rhodes: mnene, paji la uso limejaa makovu, nywele za dhahabu, tena ana kithembe. Promota gani leo angempa mkanda mtu wa namna hiyo?

Mieleka hii ni ya kuigiza, ina wema na wabaya, na mwanzoni yeye alikuwa upande wa wabaya. Yeye na Dick Murdoch walizunguka kama wahuni wa Texas, kazi yao kuzomewa. Mwaka 1974, kule Florida, akawasaliti mwenzake Pak Song na meneja Gary Hart, na kuanzia hapo mashabiki wakawa wake.

Ila mkitaka kumwelewa, tazameni hotuba yake ya Oktoba 1985, ile ya nyakati ngumu. Katika kisa cha mchezo, Ric Flair, bingwa wa wakati huo, bwana wa majoho ya kumetameta na saa za bei mbaya, alikuwa amemvunja kifundo cha mguu. Mwingine angeapa kulipiza kisasi, basi. Dusty akawataja wafanyakazi wa viwanda vya nguo walioachishwa kazi, hawana cha kuwalisha watoto. Akamtaja mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka 30, akapewa saa ya mkononi na kutimuliwa kwa sababu kompyuta imeshika nafasi yake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kamera, akiwaambia walio nyumbani kwamba mkono wake unaigusa mikono yao. Maumivu ya kuigiza kayaweka kando ya maumivu ya kweli, na hakuna aliyeona ni utani! Mimi sijaona mwanamieleka mwingine aliyeongea vile.

Tusimpambe mno, lakini. Miaka hiyo yeye ndiye aliyekuwa akipanga nani ashinde, na hakujisahau. Halafu alikuwa na mchezo wake: Novemba 1985, katika onyesho la Starrcade, alimlaza Flair, watu wakashangilia, baadaye matokeo yakabatilishwa na Flair akabaki na mkanda. Ukifanya hivyo mara moja, mashabiki watarudi kwa hasira. Ukizidisha, wanachoka, na walichoka kweli. Julai 1986 alimshinda Flair huko Greensboro, ukawa ubingwa wake wa tatu wa dunia wa NWA, ule muungano wa mapromota wa mieleka, nao ukadumu wiki mbili tu.

Mwaka 1989 akahamia WWF, kampuni ya mieleka ambayo sasa ni WWE, akavalishwa nguo nyeusi zenye madoa ya manjano. Wapo wanaosema ilikuwa njama ya kumdhalilisha. Yeye alicheza densi nazo, akatingisha lile tumbo, na ukumbi ukampokea vilevile.

Uzeeni alikuwa mwalimu wa vijana wa NXT, tawi la WWE la kukuza chipukizi, akiwafunza kuongea mbele ya kamera, na kazi hiyo aliifanya hadi mwaka aliofariki, 2015, akiwa na miaka 69. Haya, maswali.